KUMWONDOA WAKALA WA UANGALIZI KATIKA SEVA: UTARATIBU UNAOSTAHIKI KUFUATWA

Kazi nyingi za afisi ambazo zamani zilifanywa kwa majalada na madaftari, siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi, leseni za biashara, mishahara ya watumishi na kumbukumbu za wagonjwa huweza kuhifadhiwa katika kompyuta kuu ya kuhudumia, ambayo mafundi huiita seva. Mwananchi haioni seva hiyo. Anayemwona ni karani aliyekaa mbele yake. Lakini seva ikisimama, karani naye husimama, na aliyetoka Micheweni au Makunduchi kufuata cheti hurudi kwao mikono mitupu.

Ili seva isisimame bila ya mtu kujua, huwekwa ndani yake programu ndogo ya kuiangalia usiku na mchana. Programu hiyo huitwa wakala wa uangalizi. Kumweka wakala ni kazi inayofanywa kwa hamu, kwa kuwa kila mmoja anamhitaji. Kumwondoa ni jambo jengine. Aghalabu kazi hiyo huachwa nusu, au isifanywe kabisa, kwa kuwa hasara yake haionekani siku ile ile. Madhumuni ya makala haya ni kuwafafanulia watumishi wa Serikali, na wananchi kwa jumla, kwa nini kumwondoa wakala kuhesabiwe kuwa ni makabidhiano kamili yenye mpangilio na kumbukumbu, wala si kufuta programu tu.

WAKALA WA UANGALIZI NI NINI

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba neno wakala lililotumika hapa halimaanishi taasisi ya Serikali, wala mtu anayeuza bidhaa kwa niaba ya mwengine. Wakala huyu ni programu inayokaa ndani ya seva, ikapima hali yake, na kupeleka habari kwenye kituo cha uangalizi. Hupima nafasi iliyobaki katika diski, matumizi ya kumbukumbu ya mashine, wingi wa kazi inayofanywa na prosesa, na kama huduma muhimu, mfano wa hifadhidata, zingali zikiendelea. Diski ikikaribia kujaa, kituo humpelekea fundi ujumbe kabla ya seva kukwama.

Mfano unaofaa ni programu iitwayo Zabbix. Ilianzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia mwaka 1998, ikatolewa kwa umma mwaka 2001, na inaruhusiwa kutumiwa bila ya malipo ya leseni. Kwa kawaida wakala wa Zabbix husikiliza katika mlango wa mtandao namba 10050, na kituo chake husikiliza katika mlango namba 10051. Wakala anaweza kungojea hadi aulizwe na kituo, au akapeleka habari mwenyewe bila ya kuulizwa. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, illa ina umuhimu wake wakati wa kumwondoa, kama itakavyoelezwa mbele.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wakala hawezi kupima bila ya kupewa ruhusa. Katika mashine za Windows, wakala wa Zabbix kwa kawaida huendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, ambayo ni makubwa mno. Katika mashine za Linux huendeshwa kwa jina lake lenye uwezo mdogo, lakini mara nyengine mafundi humwongezea ruhusa ili aweze kupima jambo maalumu. Wako mawakala wa aina nyengine ambao huendeshwa kwa uwezo wote wa msimamizi mkuu, na wapo wanaopokea amri kutoka kituoni na kuzitekeleza. Kwa mawakala wa namna hiyo, aliyekishika kituo ameishika na seva.

SABABU ZA KUMWONDOA

Zipo sababu kadhaa zinazoilazimu afisi kumwondoa wakala. Ya kwanza ni kumalizika kwa mkataba. Kampuni iliyokuwa ikiangalia seva imeshamaliza muda wake, lakini wakala wake angali ndani, akiendelea kupeleka habari za mashine ya umma kwa mtu ambaye hana tena haki ya kuzipokea.

Ya pili ni kubadilishwa kwa wakala. Watengenezaji husitisha programu zao za zamani na kuleta mpya. Kwa mfano, Microsoft ilimstaafisha wakala wake wa zamani wa kukusanya habari za seva, aliyejulikana kwa jina la Log Analytics, tarehe 31 Agosti, 2024, na kuwataka wateja wake wahamie kwa wakala mpya. Wakala aliyestaafishwa hatarajiwi kufanyiwa marekebisho ya usalama. Aidha, mawakala wawili wakiachwa kufanya kazi pamoja, habari zile zile hupelekwa mara mbili, na pale ambapo malipo hutegemea wingi wa habari, afisi hulipa mara mbili kwa jambo moja.

Ya tatu ni seva yenyewe kustaafu, kuhamishwa au kupewa kazi nyengine. Ya nne ni wakala kugeuka mzigo, akala kumbukumbu ya mashine au akaijaza diski kwa daftari lake la matukio. Katika sababu hii ya nne, inashauriwa fundi aanze kwa kutazama mipangilio na toleo la wakala, kwani huenda marekebisho madogo yakatosha. Kumwondoa mlinzi kwa sababu anapiga kelele, bila ya kujua anachokipigia kelele, si jambo la busara.

HATARI YA WAKALA ALIYESAHAULIWA

Huenda msomaji akauliza: programu ndogo iliyosahauliwa ina madhara gani? Yaliyotokea katika nchi za mbali yanatoa jawabu.

Mwezi wa Disemba, 2020, ilibainika kwamba wavamizi walipenyeza programu yao ndani ya matoleo mapya ya Orion, ambayo ni programu ya uangalizi ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani. Kampuni hiyo ilieleza kwamba wateja wasiozidi 18,000 huenda walikuwa wameweka matoleo hayo, na miongoni mwa walioingiliwa ni wizara za Serikali ya Marekani, ikiwemo ya Fedha na ya Biashara. Tarehe 13 Disemba, 2020, taasisi ya nchi hiyo inayoshughulikia usalama wa mitandao ilitoa amri ya dharura ya kuzitaka afisi za Serikali kuzikata Orion katika mtandao au kuzizima. Katika mkasa huo mlango wa kuingilia ulikuwa ni kituo cha uangalizi chenyewe.

Tarehe 2 Julai, 2021, wavamizi waliitumia programu ya Kaseya, inayotumiwa na mafundi kuziangalia na kuziendesha kompyuta za wateja wao kutoka mbali. Mawakala waliokuwa ndani ya kompyuta hizo walipokea amri, wakazitekeleza kama walivyozowea, na mafaili yakafungwa ili wenyewe wadaiwe fedha ya kuyafungulia. Kampuni hiyo ilikadiria kwamba biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika. Nchini Sweden, mamia ya maduka ya Coop yalifungwa kwa kuwa mashine za kupokelea malipo hazikufanya kazi. Maduka hayo hayakuwa na mkataba wa moja kwa moja na Kaseya. Yaliathirika kupitia kwa waliokuwa wakiwahudumia.

Mfano wa tatu ndio unaogusa zaidi maudhui ya makala haya. Mwezi wa Septemba, 2021, watafiti wa kampuni ya Wiz walitangaza kasoro katika programu iitwayo OMI, iliyokuwa ikiwekwa ndani ya mashine za Linux za wateja wa Microsoft pale wateja hao walipochagua baadhi ya huduma za uangalizi. Kasoro moja ilimwezesha mtu wa nje, pale mlango wa programu hiyo ulipokuwa wazi, kuamrisha mashine kwa uwezo wa msimamizi mkuu bila ya kuonesha jina wala nywila. Wateja wengi hawakuwa wakijua kwamba OMI imo katika mashine zao. Asiyejua kwamba anacho kitu hawezi kukifanyia matengenezo, wala hawezi kukiondoa.

UTARATIBU WA KUMWONDOA

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuchukua mfano wa wakala wa Zabbix katika seva ya Linux. Mawakala wengine wana majina na mafaili tofauti, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule.

1. Kumjua anayeondolewa. Fundi athibitishe jina la wakala, toleo lake, na kama yuko mmoja au zaidi. Zabbix ina mawakala wa aina mbili, zabbix-agent na zabbix-agent2, na mashine moja yaweza kuwa nao wote. Aangalie pia kama katika mashine hiyo hiyo imo programu nyengine ya Zabbix, kama vile kituo chenyewe au msaidizi wake, kwani hizo huweza kutumia folda moja na jina moja la mtumiaji.

2. Kupata idhini na kuhakikisha mbadala. Mkuu wa kitengo atoe idhini kwa maandishi. Iwapo seva itaendelea kutumika, wakala mpya awekwe na athibitishwe kwamba habari zake zinafika kabla ya wa zamani kuondolewa. Kipindi cha wawili kukaa pamoja kiwe kifupi. Seva isiachwe hata usiku mmoja bila ya mwangalizi, kwani diski haingojei asubuhi ndipo ijae.

3. Kukiarifu kituo. Kabla ya kugusa seva, kituo kiwekwe katika hali ya matengenezo kwa mashine hiyo, au uangalizi wake usimamishwe. Hili lisipofanywa, wakala akinyamaza kituo kitadhani seva imekufa, na walio zamu wataamshwa kwa jambo lisilokuwepo. Walio zamu wakishazowea king'ora cha uongo, siku ya kweli huchelewa kuinuka.

4. Kuweka nakala. Faili la mipangilio, ambalo kwa kawaida ni /etc/zabbix/zabbix_agentd.conf, linakiliwe na kuhifadhiwa mahali pa salama pamoja na vipimo maalumu vilivyoongezwa na afisi. Vipimo hivyo huenda ndivyo pekee vinavyoonesha nini hasa kilikuwa kikiangaliwa, na aliyeviandika huenda ameshahama.

5. Kumsimamisha. Amri ya systemctl disable --now zabbix-agent hufanya mambo mawili kwa pamoja: humsimamisha wakala, na humzuia asiamke tena seva itakapowashwa upya. Ni muhimu kutofautisha kati ya kusimamisha na kuondoa. Wakala aliyesimamishwa tu angali amo ndani, na umeme ukikatika kisha ukarudi, huenda akaamka pamoja na mashine.

6. Kumwondoa kwa njia aliyoingilia. Aliyewekwa kwa kifurushi cha mfumo aondolewe kwa kifurushi. Katika Debian na Ubuntu, amri ya apt remove huondoa programu lakini huyaacha mafaili ya mipangilio. Amri ya apt purge huondoa vyote viwili. Katika mifumo ya jamii ya Red Hat hutumika amri ya dnf remove, na faili la mipangilio lililokuwa limebadilishwa huweza kubaki likiwa na jina lenye mwisho wa .rpmsave. Kabla ya kukubali, fundi asome orodha ya vyote ambavyo mfumo unasema utaviondoa, asije akang'oa na visivyohusika. Katika Windows, wakala aliyewekwa kwa kisakinishi huondolewa kupitia orodha ya programu katika mipangilio ya mashine. Aliyewekwa kwa mkono huondolewa kwanza huduma yake kwa amri ya zabbix_agentd.exe --uninstall, kisha folda yake. Kufuta folda kabla ya kuiondoa huduma ni kosa, kwa kuwa mfumo hubaki na jina la huduma isiyokuwa na mwili.

7. Kufagia mabaki. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, na imeelezwa kwa urefu katika sehemu inayofuata.

8. Kumaliza kazi kituoni. Baada ya wakala kuondoka, na si kabla, jina la mashine lifutwe kituoni. Mpangilio huu una sababu. Vituo vyengine vimewekwa vikubali kumsajili wenyewe wakala yeyote anayejileta; jina likifutwa huku wakala angali hai na akipeleka habari mwenyewe, litarudi tena. Hali kadhalika ikumbukwe kwamba katika Zabbix, kulifuta jina la mashine ni kuzifuta pia kumbukumbu za vipimo vyake. Ikiwa kumbukumbu hizo zitahitajika na wakaguzi, zitolewe nakala kwanza, au jina libakishwe likiwa limezimwa.

9. Kuthibitisha. Seva iwashwe upya katika saa iliyokubaliwa, kisha iangaliwe kama huduma ya wakala imerudi. Amri ya ss -ltnp huonesha milango yote inayosikiliza. Mlango namba 10050 usiwepo miongoni mwao, isipokuwa kama wakala mpya naye anautumia. Huduma za wananchi nazo zijaribiwe, na karani athibitishe kwamba kazi zake zinakwenda kama kawaida.

10. Kuandika. Tarehe, jina la seva, wakala aliyeondolewa, aliyeifanya kazi na aliyeidhinisha viandikwe katika daftari la mali za kompyuta la afisi.

MABAKI YANAYOSAHAULIWA

Wakala huacha vitu nyuma yake hata baada ya programu kuondoka. Kwanza ni jina la mtumiaji. Katika mifumo mingi ya Linux, jina la zabbix lililoundwa wakati wa kumweka wakala hubaki. Liondolewe, isipokuwa kama imo programu nyengine inayolitumia, kama ilivyotajwa katika hatua ya kwanza.

Pili ni ruhusa maalumu. Fundi aangalie folda ya /etc/sudoers.d, ambako huwekwa ruhusa za kutenda kwa uwezo wa msimamizi mkuu. Ruhusa aliyopewa wakala aliyeondoka ni sawa na ufunguo ulioachwa juu ya mlango. Yeyote atakayelitwaa jina hilo ataukuta.

Tatu ni funguo za siri na nywila. Mawasiliano ya wakala na kituo huweza kufichwa kwa ufunguo uliohifadhiwa katika faili, na mara nyengine wakala hupewa jina na nywila ya kusomea hifadhidata. Kulifuta faili hakutoshi, kwa kuwa ufunguo huo huenda unajulikana pahala pengine. Nywila hizo zibatilishwe kule zinakotambuliwa, yaani kituoni na katika hifadhidata. Ikiwa afisi ilitumia ufunguo mmoja kwa seva zote, ambalo ni jambo lisilopendekezwa, ubadilishwe kwa zote.

Nne ni ruhusa ya mtandao. Pale wakala alipowekwa, kizuizi cha mtandao kilifunguliwa ili mlango wake upitike. Ruhusa hiyo ifungwe katika seva na katika vifaa vya mtandao vilivyo kati yake na kituo.

Tano, na hili huwashangaza wengi, ni kurudi kwa wakala. Afisi zenye seva nyingi huziendesha kwa programu ya kuzipanga mashine zote kwa maagizo mamoja, kama vile Ansible au Puppet. Ikiwa maagizo hayo yangali yanasema kwamba kila seva iwe na wakala, wakala aliyeondolewa leo atawekwa tena maagizo hayo yatakapopita. Vilevile wakala huweza kuwemo katika nakala ya mfano inayotumiwa kuundia seva mpya. Basi shina lishughulikiwe pamoja na tawi.

PANAPOKUWA NA SHAKA YA UVAMIZI

Yote yaliyotangulia yanahusu wakala anayeondolewa kwa amani. Ikiwa kuna shaka kwamba wakala ametumiwa na mvamizi, utaratibu hubadilika. Seva itengwe na mtandao, lakini fundi asikimbilie kufuta, kwani kufuta ni kuuharibu ushahidi. Amri iliyotolewa Marekani mwaka 2020, iliyotajwa hapo juu, iliwataka wenye utaalamu wachukue kwanza nakala ya kumbukumbu za mashine kwa ajili ya uchunguzi. Katika hali hiyo mkuu wa afisi apewe taarifa mara moja, na kazi iachiwe wenye ujuzi wa uchunguzi.

WAJIBU WA AFISI

Wakuu wa afisi hawatakiwi kuzijua amri za kompyuta, lakini wanatakiwa kuyajua majibu ya masuala matatu: ni mawakala gani waliomo katika seva zetu, habari zao zinakwenda kwa nani, na nani atawaondoa mkataba ukimalizika. Afisi isiyoweza kujibu suala la kwanza ianze hapo, kwa kuwaagiza mafundi waandike orodha, seva moja baada ya nyengine.

Mikataba ya huduma za kompyuta yafaa iwe na kifungu kinachoeleza kwamba mwenye kuweka ndiye mwenye kuondoa, mbele ya fundi wa Serikali, na kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa hadi hati ya makabidhiano itiwe saini. Mtumishi anayehamishwa au kustaafu hurejesha funguo za afisi na hutia saini. Programu iliyopewa ruhusa ya kuingia katika kumbukumbu za wananchi nayo iagwe kwa utaratibu huo huo.